Sinte ya korali: tuangalie matundu ya nyuma kabla ya kuhesabu sauti



Swali moja linazunguka siku hizi katika vikundi vyetu hapa Kilwa: tununue sinte gani? Korali inaiomba, vijana wanaiomba, na wamama wa likelemba ambao hawaimbi kabisa wanauliza pia, sababu pesa ni yao. Mmoja ameleta picha katika telefone, mwingine ameleta bei ya Lubumbashi, wa tatu anasema ng'ambo ya ziwa, kule Kashikishi, mtu anaweza kupata nafuu. Sisi walimu tukaombwa tuandike kidogo. Sisi si wauzaji, na hatutataja duka lolote. Tunaandika kama watu waliopita ISP, wanaofundisha watoto nyimbo darasani, na waliozoea kusoma kile kijitabu kinacholala chini ya kartoni bila mtu kukifungua.

Pesa ya kikundi si pesa ya kuchezea. Kila franka iliyo katika sanduku imetoka kwenye beseni la chisense, kwenye unga, kwenye mandazi ya asubuhi. Mama aliyetoa sehemu yake hakuitoa ili baada ya miezi mitatu aone kinanda kizuri kimefunikwa kitambaa katika sakristia, kimya, eti hakina waya, eti batri imekufa, eti anayekijua amehamia Lubumbashi. Sinte za kikundi nyingi huishia hapo, na mara nyingi kosa halimo katika sauti zake. Mashine ilikuwa nzima, ila haikuweza kuunganishwa na vitu vilivyokuwepo. Kwa hiyo leo tutazungumza zaidi juu ya kuunganisha.

Kwanza, sinte ni nini? Wengi wetu tunaiita piano, lakini ndani yake hakuna nyuzi wala nyundo. Ni kompyuta ndogo yenye vibonyezo, vile wengine wanavyoita matushi. Ukigusa kibonyezo, kompyuta inatafuta sauti iliyowekwa ndani yake, ya piano, ya organo, ya tarumbeta, kisha inaipeleka kwenye bafle. Sauti zenyewe haziundwi upya kila mara. Katika mashine nyingi za siku hizi, watu wa kiwanda walirekodi chombo halisi, wakahifadhi, nasi tunaiita kwa kidole.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa sinte iliyoitwa DX7, ambayo ilienea duniani kote. Ilikuwa na vibonyezo 61 na kumbukumbu ya sauti 32 tu, na iliweza kutoa noti 16 kwa wakati mmoja. Bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 2000. Kwa mashine hiyo watu walirekodi nyimbo ambazo mpaka leo zinachezwa. Sasa muuzaji anapokuambia, "Mama, hii ina sauti 600," kumbuka zile 32. Korali yetu ikitumia sauti kumi kwa mwaka, tutakuwa tumejitahidi. Nyingine zote ni za kubonyezwa na watoto siku ya kwanza, wakitafuta mlio wa mbwa na wa ndege.

Tuchukue mashine tatu zinazojulikana, ili mazungumzo yawe na miguu. Ya kwanza ni Yamaha PSR-F52, ile ya bei ya chini. Ya pili ni Casio CT-S300, iliyotoka mwaka 2019. Ya tatu ni Yamaha PSR-E373. Zote tatu zina vibonyezo 61, na zote tatu zinaweza kutumia betri ndogo sita za saizi ile inayoitwa AA. Hizi mbili za mwisho, kule Marekani zilikuwa zikiuzwa karibu dola 200. Hapa kwetu ongezeni ushuru, ongezeni faida ya kila mkono uliozipitisha, na ongezeni barabara: kutoka Lubumbashi mpaka Kilwa ni karibu kilomita 350, na mnaijua ile barabara wakati wa mvua.

PSR-F52 haijali nguvu ya kidole. Ukigusa taratibu au ukipiga kwa hasira, sauti ni ileile. CT-S300 na PSR-E373 zinasikia: kidole laini, sauti laini, kidole kizito, sauti kubwa. Mtu anaweza kudharau jambo hili akafikiri ni anasa. Sisi hatufikiri hivyo. Mtoto anayejifunza kwenye kinanda kisichosikia kidole anajifunza kubonyeza, kama anavyobonyeza telefone. Siku atakapokutana na piano ya kweli, mkono wake utakuwa mgeni. Tena, korali inaposhusha sauti kwenye wimbo wa toba, mpigaji lazima ashuke pamoja nayo. Kwenye mashine isiyosikia kidole atalazimika kukimbilia kile kifungo cha sauti katikati ya wimbo, na wote tumeshasikia kinachotokea hapo.

Kuna pia hesabu ya noti zinazoweza kulia pamoja. F52 inatoa 32, hizi mbili nyingine zinatoa 48. Mtu atasema, "Lakini nina vidole kumi tu!" Kweli, ila ukikanyaga pedali ya kushikilia sauti, noti za zamani zinaendelea kulia wakati mpya zinaingia, na zile ngoma za ndani ya mashine zinakula hesabu hiyohiyo. Kwa korali yetu 48 zinatosha. Hatuoni sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Uwezo ambao sisi tungeutafuta kabla ya vingine vyote ni ule wa kuhamisha ufunguo, unaoitwa "TRANSPOSE". Wamama wetu hawaanzi wimbo kwa karatasi. Yaya mmoja anaanza pale koo lake linapokuwa asubuhi ile, na wengine wanamfuata. Mpigaji anayejua ufunguo wa Do peke yake atahangaika. Kwa uwezo huo anaendelea kucheza vilevile kwa vidole, na mashine yenyewe inapandisha au kushusha, hatua moja moja, mpaka hatua 12 juu au chini. Tunajua kuna mamaestro wanaosema kwamba huo ni uvivu. Labda. Lakini korali iliyoimba vizuri siku ya Mungu haikuulizwa na mtu kama mpigaji alibadilisha vidole au alibadilisha kifungo.

Sasa tugeuze mashine, tuangalie mgongo wake. Hapo ndipo pesa ya kikundi inapookoka au kupotea.

Tundu la kwanza ni la sauti kutoka. Sinte hizi ndogo zina mabafle ndani, lakini ni madogo sana: kwenye E373 ni wati 2.5 kila upande, kwenye CT-S300 ni wati 2. Katika chumba cha darasa chenye watoto 15, zinatosha. Katika kanisa lililojaa, wamama wakipiga makofi na ngoma zikilia, mpigaji mwenyewe hatajisikia. Kwa hiyo lazima sauti itoke iende kwenye ampli. Kwenye E373 na CT-S300 tundu hilo linafanya kazi mbili: la ekuteri na la kutoa sauti, na limeandikwa "PHONES/OUTPUT". Ukichomeka waya, mabafle ya ndani yananyamaza, msishtuke mkadhani mashine imekufa. Saizi hazilingani: ya E373 ni tundu nene, kama la gitaa, ya CT-S300 ni tundu dogo kama la telefone, milimita 3.5. Maana yake, waya wa kikundi jirani huenda usiingie kwenye yenu. Pimeni tundu la ampli yenu na tundu la sinte kabla ya kutoka nyumbani, na mnunue waya hukohuko mjini, siku ileile. Waya huo ni wa bei ndogo, lakini ukikosekana hapa Kilwa kila kitu kinasimama.

Neno moja la hadhari kuhusu ampli. Waya wa sinte unaingia kwenye tundu la kuingiza sauti, lile la mikro au la mstari. Usiingize kamwe kwenye matundu yanayokwenda kwenye mabafle, sababu huko nguvu inatoka haingii, na itachoma mashine yenu. Tena punguzeni sauti zote mpaka sifuri kabla ya kuchomeka, kisha pandisheni polepole.

Tundu la pili ni la kuingiza sauti kutoka nje. E373 inalo na CT-S300 inalo. Unachomeka telefone kwa waya mdogo, wimbo uliorekodiwa kwenye telefone unatoka katika mabafle ya sinte, na mwanafunzi anacheza juu yake. Kwa kujifunza hili ni zuri sana: mtoto anasikiliza wimbo wa korali uliorekodiwa siku ya posho, anarudia mstari mmoja mara ishirini, bila kumsumbua maestro.

Tundu la tatu ndilo lenye fitina nyingi: USB.

Mama anaona neno USB kwenye kartoni, anafurahi, anasema, "Tutaweka flashi, nyimbo zitacheza." Hapana. Kuna USB ya namna mbili, na mashine zenyewe zinaandika tofauti. Ile iliyoandikwa "USB TO HOST" ni ya kupeleka sinte kwenye kompyuta au telefone. Hapo sinte ndiyo mtumishi. Ile iliyoandikwa "USB TO DEVICE" ndiyo inayopokea flashi, na inapatikana kwenye mashine za bei kubwa zaidi. E373 ina ile ya kwanza peke yake. CT-S300 pia inakwenda kwenye kompyuta au telefone tu, kwa tundu dogo kama la telefone za zamani. F52 haina USB kabisa. Ajabu ni kwamba vile vinanda vya kuchezea watoto, vinavyouzwa sokoni na mikro ya rangi, mara nyingine vinasoma flashi vizuri. Si kwa sababu ni bora. Ndani yake wameweka kile kidude cha redio kinachocheza nyimbo, na muziki unaotoka ni wa flashi, si wa vidole vyako. Msidanganyike na hilo.

Sasa, nini kinapita ndani ya ule waya wa USB? Hapa inafaa kufafanua kidogo, sababu hata watu waliosoma hukosea. Mwaka uleule wa 1983, makampuni yaliyokuwa yanashindana yalipatana juu ya lugha moja ya vinanda, inayoitwa MIDI. Roland ya Japani na Sequential Circuits ya Marekani waliunganisha mashine zao mbele ya watu, na zikaelewana. Waliosukuma jambo hilo, Ikutaro Kakehashi na Dave Smith, walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Lugha hiyo haibebi sauti hata kidogo. Inabeba habari: kibonyezo fulani kimeguswa, kwa nguvu hii, sasa kimeachwa. Ni kama barua ya maestro inayosema "imbeni Do, imbeni Mi". Barua yenyewe haiimbi. Kwa hiyo ukiunganisha CT-S300 na telefone kwa waya wa USB ukitaka kurekodi wimbo, telefone itapokea barua, haitapokea sauti. E373 inafanya zaidi: waya wake wa USB unapitisha barua na sauti pamoja, na telefone inaweza kurekodi mlio wa sinte safi, bila kelele ya kuku nje. Kwa kikundi kinachotaka kutuma nyimbo zake kwa watu wa Lubumbashi au Kolwezi, hiyo ni faida ya kweli. Mnahitaji tu kile kiunganishi kidogo kati ya waya na telefone, na telefone inayokubali kazi hiyo, si zote.

Kuna programu za telefone pia. Casio ina moja inayoitwa Chordana Play, inayomwonyesha mwanafunzi kibonyezo kwa kibonyezo. Ni nzuri, lakini kuipakua kunataka megabaiti, nasi tunajua bei ya mega na tunajua mtandao wa hapa unavyokuja na kwenda kama samaki. Ipakueni Lubumbashi siku ya kununua, pale mtandao ni mzuri. Msihesabu kwamba mtaipata hapa.

Na blutuuthi? Hizi tatu hazina. Wengi wamesikitika kusikia hivyo, sababu vijana wana yale mabafle ya kubebwa mkononi yanayopokea bila waya. Tunasema: msisikitike. Sauti inayopita kwa blutuuthi inachelewa, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kwa kusikiliza wimbo hakuna shida, hujui kwamba ilichelewa. Kwa kupiga, shida ni kubwa. Kidole kinashuka sasa, mlio unafika baadaye. Katika sehemu moja ya kumi ya sekunde sauti husafiri hewani mita 34 hivi. Fikirini basi mpigaji ngoma wenu amesimama mita 34 kutoka kwenu, nanyi mnataka kuimba pamoja naye. Tena kwenye sinte nyingi zinazotangazwa kuwa na blutuuthi, kazi yake ni kupokea nyimbo za telefone, si kutuma mlio wa kinanda. Kama muuzaji anataka dola 100 zaidi kwa ajili ya neno hilo peke yake, mwacheni nalo.

Tuje kwenye umeme, ambao kwetu ndio unaoamua.

Sinte ndogo haina njaa. Inakula umeme mdogo, kama balbu moja au mbili za LED. Anayekula ni ampli. Kwa hiyo pano ya jua ya kawaida na batri yake inaweza kubeba sinte siku nzima, lakini usiweke ampli kubwa juu yake bila kupiga hesabu. Jambo la kuchunga ni volti. Adapta ya Yamaha hizi mbili ni ya volti 12. Ya Casio CT-S300 ni volti 9.5. Kijana fulani mwerevu atakuja aseme, "Batri ya pano ni volti 12, tuunganishe moja kwa moja." Mkatazeni. Batri inayoitwa ya volti 12 hupanda mpaka volti 14 inapochajiwa, na Casio inayotaka 9.5 haitavumilia hata hizo 12. Tumieni adapta yake kupitia konvertisa, au betri ndogo. Konvertisa za bei ya chini huleta mlio wa nyuki ndani ya mabafle. Hapo betri ndogo ni dawa nzuri, sababu hazina mlio wowote.

Betri sita mpya zinaweza kufikisha zaidi ya saa 10 kwenye CT-S300. Kwa ibada ya siku ya Mungu na mazoezi mawili ya juma, hesabuni wenyewe. Betri za kuchajiwa ni ghali siku ya kwanza, lakini mashine hizi zinazikubali, na kikundi chenye pano kitazichaji bure. Sisi tungeziweka katika bajeti tangu mwanzo, pamoja na waya, kabla ya kuchagua mashine. Kama pesa haitoshi kwa mashine ya tatu pamoja na vitu hivyo, basi ichukuliwe ya pili.

Jambo dogo ambalo limeshatia aibu wapigaji wengi: Yamaha hizi hujizima zenyewe zisipoguswa kwa dakika 30, ili kulinda betri. Sasa, mahubiri ya kwetu ni ya dakika ngapi? Mhubiri anamaliza, anatoa ishara ya wimbo, mpigaji anabonyeza, kimya. Kwenye E373 unaweza kuondoa tabia hiyo: shika kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa kushoto huku unawasha mashine. Andikeni hilo kwenye karatasi na mlibandike chini ya kinanda.

Bado tuna jambo la midundo. E373 imebeba midundo tayari 205, CT-S300 imebeba 77. Unabonyeza, ngoma na besi zinaanza zenyewe. Vijana wanaipenda sana sehemu hii, na kusema kweli ndiyo sehemu inayotutia wasiwasi. Midundo hiyo ilitungwa mbali, mingi inahesabu nne nne, moja kwa moja, bila kupumua. Nyimbo zetu nyingi zinatembea kwa sita, zinayumba kama mtumbwi, na anayeimba anaweza kuvuta neno kidogo na ngoma ikamngojea. Mashine haingoji mtu. Tumeona katika korali nyingi kwamba sinte ikiingia, wamama wa ngoma na wa kayamba wanarudishwa nyuma, halafu wanakaa, halafu hawaji tena mazoezini.

Tukumbuke jambo lililotokea mkoa wetu huuhuu wa Katanga ya zamani. Huko Kamina, katika miaka ya 1950, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikusanya watoto wapatao 45 na walimu 15 wa shule. Misa ya Kilatini wakaiimba kwa namna ya Kiluba, kwa sauti na ngoma tu. Mwaka 1958 walikwenda Ulaya, na Missa Luba yao ikarekodiwa ikajulikana dunia nzima. Hawakuwa na organo juu ya vichwa vyao. Sisi kama walimu tunapenda kukumbuka kwamba walimu walikuwa katikati ya kazi ile. Hatusemi tusinunue sinte. Ray Lema, mwanamuziki wetu mkubwa wa Kongo, alijifunza organo katika seminari akiwa bado mtoto, na kinanda kikamfungulia njia. Tunasema tu sinte ishike mahali pake: itoe ufunguo wa kuanzia, ishikilie sauti chini ya wamama, na midundo iachiwe mikono ya wenye ngoma. Kifungo cha midundo kitumike darasani, mwanafunzi ajifunze kwenda na saa.

Na nani atapiga? Katika mikutano tuliyohudhuria, jina linalotajwa ni la kijana mwanaume mmoja ambaye tayari anajua. Ni sawa aanze yeye. Lakini pesa ni ya wamama, na wamama wana mabinti. Tunapendekeza mabinti wanne, wa darasa la tano na la sita, wawe na zamu: mara mbili kwa juma, dakika 40 kila mmoja, wakitumia ekuteri ili jirani alale. Hapo ndipo tundu la ekuteri linapolipa bei yake. Binti anafanya makosa yake mia bila mtu kumcheka, na sio lazima awe na redio wala mtandao wala kitabu cha nje. Mwanaume anayejua peke yake akihama, sinte inakufa. Mabinti wanne wakijua, mmoja akiolewa Pweto, watatu wanabaki.

Basi mtatuuliza tuchague. Kwa kikundi chenye ampli tayari na pesa ya kutosha, sisi tungechukua E373, kwa sababu ya tundu lake nene, kidole kinachosikika na kule kurekodi kwa waya. Kwa kikundi kinachosafiri, kinachoimba kwenye matanga na kwenye ndoa za vijijini, CT-S300 inatushawishi: ina kilo 3.3 tu, ina mpini wa kubebea, mama anaweza kuibeba kwenye moto bila kumwomba mtu, na nyingine ina kilo 4.6 bila betri. F52 tungemnunulia mtoto mmoja nyumbani, siyo kikundi.

Anayetumwa kununua asiende peke yake. Waende wawili, mmoja wa korali na mmoja wa sanduku. Wabebe ekuteri zao, waya wa telefone, na betri sita. Dukani waombe mashine iwashwe kwa betri, siyo kwa umeme wa duka, sababu huko mjini kila kitu kinawaka. Waguse vibonyezo vyote 61, kimoja kimoja, kuanzia kushoto, hata muuzaji akikunja uso. Wachomeke ekuteri, watikise kidogo pale inapoingia, wasikilize kama sauti inakatika. Wahakikishe adapta iliyo ndani ya kartoni ina namba ya volti ileile iliyoandikwa mgongoni. Kisha wafungashe kwa blanketi ndani ya kartoni na mfuko wa plastiki juu, kwa ajili ya vumbi la Kasomeno, na faktura iandikwe kwa jina la kikundi cha wamama, siyo la maestro wala la aliyesafiri.